Misuli Inayocheza, Inayobana na Inayokakamaa: Kipi Kiachwe, Kipi Kitibiwe katika Ugonjwa wa Niuroni Mwendo

Ugonjwa wa niuroni mwendo (seli za neva zinazoamrisha misuli), ule ambao madaktari huuandika MND au ALS, huleta mengi, lakini linaloonekana upesi kwa macho ni misuli kucheza yenyewe chini ya ngozi. Mgonjwa ametulia kabisa, huku paja lake likipapatika bila kuamrishwa. Wageni wanalikodolea macho, wanauliza, kila mmoja anapendekeza dawa yake. Maoni yangu ni kwamba kati ya shida zote za misuli katika ugonjwa huu, hiyo ndiyo inayohitaji dawa kwa nadra zaidi. Fedha nyingi za familia huishia hapo, wakati usingizi wa mgonjwa unaharibiwa na jambo jingine kabisa.

Ulinganisho huu ni kwa anayeugua au anayeuguza, ambaye tayari ana jibu la daktari wa neva na sasa anataka kuamua: aache ilivyo, anyooshe, anywe kwinini, aombe baklofeni ya kulegeza misuli, au anunue magnesiamu? Uamuzi wa mwisho wa dawa ni wa daktari, ila ukienda kwake ukijua unachouliza, dakika zako chache za kliniki hazipotei bure.

Kinachosumbua ni kipi hasa?

Malalamiko huja yamechanganyika, ilhali mambo ni matatu, na dawa ya moja haiponyi jingine.

Kucheza kwa misuli kunatokana na niuroni mwendo iliyougua, ile inayotoka kwenye uti wa mgongo au shina la ubongo kwenda kwenye msuli. Kila niuroni ina kundi lake la nyuzi za msuli. Ikijifyatua yenyewe, kundi hilo hujikunja mara moja likalegea. Unaona mpapatiko kwenye shavu la mguu, begani, mgongoni, hata kwenye ulimi uliotulia mdomoni. Kiungo mara nyingi hakisogei, na maumivu kwa kawaida hakuna.

Kubana ni kile kinachomlaza mchezaji mpira uwanjani, mwenzake akaja kumsukuma wayo. Msuli mzima unakaza, unakuwa mgumu ukiushika, na unauma kweli. Katika ugonjwa huu hakuishii kwenye miguu: vidole vya mkono, tumbo, shingo na taya navyo hubanwa, na mara nyingi ni usiku, au mgonjwa anapojinyoosha kidogo tu kitandani.

Kukakamaa asili yake iko juu zaidi, kwenye niuroni zinazoshuka kutoka ubongoni. Mguu unakuwa mzito na mgumu, goti halikunjiki kwa wepesi, mwendo unakuwa wa kuburuta. Hapa pana mtego. Mguu uliokakamaa unaweza kuanza kudunda kwa mfululizo wa haraka vidole vinapokanyaga sakafu huku kisigino kikiwa juu, na watu wa nyumbani wakasema "misuli inacheza". Hiyo ni sura ya kukakamaa. Bonyeza goti kwa upole kisigino kiguse chini, na mara nyingi mdundo huo hukoma. Ule mpapatiko wa kweli hauna mpangilio wala haujali mguu umewekwaje.

Swali moja la asubuhi linatenganisha mengi: "Baba, usiku ulishtushwa na nini? Msuli kucheza, maumivu ya kubanwa, au ulitaka kujigeuza ukashindwa?" Akijibu kwamba hajui, ila anaamka na kichwa kinauma na mchana kutwa anasinzia, au hawezi tena kulala chali, basi suala limetoka kwenye misuli ya miguu na kuingia kwenye pumzi. Hilo ni la daktari wiki hii hii, kabla ya kidonge chochote kati ya nitakavyovitaja.

Kwa ambaye bado hajaambiwa ana ugonjwa

Nipite hapa haraka, maana wapo watakaosoma kwa sababu kope zao zinacheza tangu juzi na usingizi umewaruka. Kope kucheza, wengine tumelelewa kuambiwa kwamba ni ishara ya mgeni au ya kilio. Ukweli ni kwamba karibu kila mtu mzima hupata misuli kucheza wakati fulani, hasa akichoka, akikesha, akiwa na wasiwasi au akizidisha kahawa. Kliniki ya Mayo huko Marekani ilifuatilia watu 121 waliokuwa na misuli inayocheza bila dalili nyingine, wengine kwa miaka zaidi ya 30, na taarifa yake ya mwaka 1993 haikumpata hata mmoja aliyeishia na ugonjwa wa niuroni mwendo. Kinachomshtua daktari ni kucheza kunakoandamana na udhaifu: kifungo cha shati kisichofungika, ndala inayovuka mguuni, ulimi unaolemaa, nyama ya mkono inayopungua upande wa kidole gumba.

Yapo pia mambo yanayotibika yanayofanana na haya: tezi la shingo linalofanya kazi kupita kiasi, upungufu wa kalsiamu au magnesiamu, na sumu za wadudu za kundi la oganofosfeti zinazonyunyiziwa mashambani. Aliyetoka kupiga dawa shambani bila kinga, misuli ikaanza kucheza, mate yakamjaa na macho yakaona ukungu, huyo ni wa kukimbizwa hospitali mara moja.

Kuiacha icheze, au kuitibu

Tukirudi kwa mgonjwa mwenye jibu mkononi. Kucheza kwa misuli hakuharibu msuli. Ni alama ya niuroni inayougua, na kuunyamazisha mpapatiko hakuokoi niuroni hiyo. Dawa inayopunguza kasi ya ugonjwa wenyewe ni riluzoli, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1995. Inarefusha maisha kwa miezi michache, nayo haikutengenezwa kwa ajili ya mpapatiko. Kwa hiyo hoja ya "tutulize misuli ili ugonjwa usienee" haina msingi, hata ikisemwa na mtu mwenye koti jeupe.

Kuiacha kunafaa pale ambapo mgonjwa analala, hana maumivu, na kinachomkera ni kuiona tu. Wengi hutulia wakishaelezwa hivi vizuri. Shuka juu ya miguu, suruali isiyobana, kupunguza kahawa na chai ya rangi jioni, na kutolazimisha kiungo dhaifu kazi nzito mchana: hayo yanatosha kwa watu wengi, na gharama yake ni karibu bure. Kama mgonjwa ana pumu na anatumia salbutamoli, daktari ajulishwe, maana dawa hiyo huweza kuzidisha mtetemo. Asiiache mwenyewe.

Kuitibu kunaingia pale mpapatiko wenyewe unapomkosesha usingizi. Hapo madaktari wengine hujaribu gabapentini, dawa ya kifafa na maumivu ya neva, kwa dozi ndogo usiku. Mimi ningesubiri hadi njia za kawaida zishindwe.

Kuna jambo ambalo wauzaji wa dawa za miujiza wanalifaidi, wakijua au bila kujua. Msuli ukiendelea kupoteza niuroni zake, mwisho wake mpapatiko hupungua wenyewe, kwa sababu cha kufyatuka hakipo tena. Mgonjwa aliyeanza chupa ya dawa mwezi wa tatu, mwezi wa tisa mkono wake umetulia, na shukrani zote zinaenda kwenye chupa. Mtazame mkono huo: umekonda, na kikombe umeshindwa kukishika. Ndiyo maana nasisitiza kwamba mafanikio ya tiba yoyote ya hapa yapimwe kwa usiku na kwa kazi: ameamka mara ngapi, amebanwa mara ngapi, anaweza kujigeuza, anaweza kusimama. Kutulia kwa ngozi peke yake kusimdanganye mtu.

Kunyoosha, kukanda na joto

Kwa kubanwa usiku, mazoezi ya kunyoosha ndiyo ninayoyaweka mbele ya dawa zote. Kabla ya kulala, mgonjwa amelala chali, anayemuuguza anashika kisigino kwa kiganja, wayo ukiegemea mkono wake, kisha anausukuma wayo taratibu kuelekea kwenye goti hadi shavu la mguu livutike. Asivute kwa ghafla: msuli dhaifu ukinyooshwa kwa kishindo hubana hapo hapo. Ukishabana, dawa yake ni hiyo hiyo ya kuusukuma wayo juu na kungoja.

Kukanda kunapendeza na kunamliwaza mgonjwa, lakini kazi yake ni ya muda ule tu. Joto vivyo hivyo, taulo la maji ya uvuguvugu au kuoga kabla ya kulala. Hisia za ngozi kwa kawaida zinabaki nzima katika ugonjwa huu, kwa hiyo atakuambia likizidi. Ila kama hawezi kusema wala kuondoa mkono, jaribu kwanza kwenye kiwiko chako. Mafuta ya kuchua yenye kuwasha sioni yanaongeza nini zaidi ya harufu.

Kwa kukakamaa, kunyoosha kila siku kuna kazi ya ziada, kuzuia viungo visigande. Utafiti mdogo wa Israeli uliochapishwa mwaka 2001 uliwapa wagonjwa mazoezi mepesi ya dakika 15 mara mbili kwa siku, na baada ya miezi mitatu walikuwa na ukakamavu mdogo kuliko wenzao. Mepesi ndilo neno la kushika. Mgonjwa akiwa bado amechoka kesho yake asubuhi, mazoezi yalizidi.

Kwinini au meksiletini, kwa anayebanwa

Hapa ndipo uchaguzi unakuwa mgumu, na nitakaa kidogo.

Kwinini haihitaji kutambulishwa Afrika Mashariki. Aliyeugua malaria kabla ya dawa mseto anaukumbuka uchungu wake na masikio yaliyolia kama mlio wa mbali. Mwongozo wa Uingereza wa mwaka 2016 kuhusu ugonjwa wa niuroni mwendo, ule wa taasisi ya NICE, unaitaja kuwa ya kwanza kufikiriwa kwa misuli kubana, baklofeni ikifuata, kisha tizanidini au dantroleni, nazo za kulegeza misuli, au gabapentini. Ng'ambo ya Atlantiki msimamo ni mwingine: mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, imeonya mara kadhaa kwamba kwinini isitumike kwa kubanwa miguu, kwa sababu mara chache inaangusha chembe zinazogandisha damu au kuvuruga mapigo ya moyo, na madhara hayo huweza kuua.

Nani yuko sahihi? Naona wote wanapima kitu kimoja kwa mizani mbili. Kwa mzee mzima wa afya anayebanwa mguu mara moja kwa wiki, hakuna sababu ya kujiingiza kwenye hatari hiyo. Kwa mgonjwa anayebanwa kila usiku na maisha yake yamefupika, hesabu inabadilika. Masharti ni haya: kipimo cha moyo kwanza, orodha ya dawa zake zote mezani, hasa za moyo na za kuyeyusha damu, na kuacha mara moja akiona michubuko isiyo na sababu, damu puani au masikio kulia. Dozi ya kubanwa nchini Uingereza ni miligramu 200 hadi 300 usiku, chini sana ya ile ya malaria, kwa hiyo usichukue vidonge vilivyobaki kabatini ukavinywa kwa kukumbuka dozi ya zamani. Na anayeshauri maji ya toniki badala ya kidonge afanye hesabu: Marekani inaruhusu miligramu 83 tu kwa lita. Kufikia 200 unahitaji zaidi ya lita mbili, za kumnywesha mtu ambaye pengine anapaliwa na maji ya kawaida.

Meksiletini ni dawa ya zamani ya mapigo ya moyo. Katika jaribio la Marekani lililochapishwa mwaka 2018, wagonjwa 20 walipewa miligramu 150 mara mbili kwa siku, na kwa kipindi kingine kidonge kitupu. Kwa 18 kati yao kubanwa kulipungua. Wastani ulishuka kutoka mara 5.3 kwa siku hadi 3.5. Idadi ya watu ni ndogo, lakini ushahidi wa namna hii kwa kubanwa katika MND ni adimu; mapitio ya mwaka 2012 ya Cochrane, mtandao wa kimataifa unaopima ushahidi wa tiba, hayakupata dawa hata moja iliyothibitishwa. Na jaribio lile lile lilisema wazi: mpapatiko wa misuli haukubadilika. Kubanwa kumeshuka hivyo, na misuli inaendelea kucheza.

Kwa mwenye moyo mzima nami ningeipendelea meksiletini kuliko kwinini, kama inapatikana. Hilo "kama" ni kubwa. Ulizia kwenye duka la dawa la hospitali kubwa na uulize bei ya mwezi mzima kabla ya kumpa mgonjwa matumaini. Inachoma tumbo, kwa hiyo inywewe na chakula. Inaweza kuleta kizunguzungu na mtetemo wa mikono. Na mwenye hitilafu ya umeme wa moyo haimfai. Kwa vyovyote usiziweke hizo mbili pamoja bila daktari, maana zote zinagusa moyo.

Baklofeni, tizanidini, gabapentini: kwa aliyekakamaa

Baklofeni ndiyo huanza mara nyingi, miligramu 5 mara tatu kwa siku, ikipandishwa polepole. Inalegeza kweli. Tatizo ni kwamba kwa wagonjwa wengi ugumu wa mguu ndio gongo lao: misuli imedhoofika, ukakamavu ndio unaowasimamisha. Ukiulegeza wote, mtu aliyekuwa anakwenda chooni mwenyewe anaanguka. Kwa hiyo kwa anayetembea bado, dozi iwe ndogo na iongezwe akiwa anaangaliwa anavyosimama. Kwa aliyeko kitandani au kwenye kiti cha magurudumu, ambaye ugumu unamzuia kuvishwa na kuogeshwa, hofu hiyo ni ndogo. Baklofeni haiachwi ghafla. Ikikatika inaweza kuleta degedege na kuona vitu visivyokuwepo, hivyo hakikisha dozi inayofuata ipo kabla ya kusafiri au kabla ya sikukuu ndefu. Ipo ya maji pia, kwa anayeshindwa kumeza.

Tizanidini inashusha presha na kuleta usingizi, na inahitaji ini kupimwa. Anayetumia riluzoli tayari anapimwa ini, kwa hiyo daktari aziangalie zote mbili. Kuna onyo moja ambalo halisemwi vya kutosha kwetu: tizanidini na siprofloksasini haziendi pamoja hata kidogo, na siprofloksasini ni dawa ambayo watu hununua kwa tumbo la kuhara bila kumwambia mtu.

Gabapentini ilijaribiwa kupunguza kasi ya ugonjwa wenyewe na haikufaulu, lakini inasaidia baadhi ya watu kulala. Desemba 2019 FDA ilionya kwamba inaweza kudhoofisha pumzi kwa walio na shida ya kupumua, na karibu kila mgonjwa wa MND hufika huko. Diazepamu, dawa ya kutuliza wasiwasi na kuleta usingizi, ni hivyo hivyo na zaidi. Ukienda dukani ukasema tu "mzee misuli inamsumbua usiku, halali", usishangae kupewa hiyo. Usiipokee. Sema, "Asante dada, mgonjwa wangu ana shida ya pumzi, nitarudi na cheti cha daktari."

Magnesiamu na vitamini

Kama vipimo vya damu vimeonyesha upungufu, virekebishe. Kama havikuonyesha, magnesiamu itafungua tumbo zaidi kuliko itakavyotuliza misuli, na sindano za vitamini B za kila wiki ni fedha ambazo zingenunua mto wa kuinua kichwa au siku kadhaa za mtaalamu wa fiziotherapia.

Kwa mgonjwa gani, lipi

Anayetembea, misuli inacheza, analala vizuri: asipewe dawa ya misuli. Fedha ziende kwenye riluzoli kama inapatikana, na kwenye vipimo vya pumzi kila baada ya miezi michache.

Anayebanwa mara chache kwa wiki: kunyoosha kabla ya kulala, kwa wiki tatu au nne bila kukosa, ndipo mzungumze habari ya vidonge. Anayebanwa kila usiku licha ya hayo: meksiletini au kwinini, baada ya kipimo cha moyo, ikijaribiwa moja tu kwa wakati. Mkianzisha mbili pamoja hamtajua ipi imesaidia wala ipi imedhuru.

Aliyekakamaa na anatembea: fiziotherapia kwanza, baklofeni kidogo. Aliyekakamaa na hatembei: baklofeni kwa kiasi kinachomwezesha kuogeshwa bila maumivu. Mwenye pumzi iliyopungua, awe wa kundi lolote: hakuna dawa ya kulegeza inayoongezwa bila daktari anayejua hali ya mapafu yake.

Chochote mtakachochagua, andikeni kwenye daftari kwa wiki mbili kabla ya kuanza na wiki mbili baada ya kuanza: amebanwa mara ngapi, ameamka mara ngapi, ameanguka au la. Idadi isiposhuka, mwombeni daktari aiondoe dawa hiyo kwa utaratibu. Mgonjwa huyu atahitaji kumeza vingi huko mbele, na koo lake linachoka kila mwezi.